Turbo ya Kupandia Timboroa

Kutoka Mombasa hadi Timboroa barabara inapanda zaidi ya mita 2,700, na lami haikatiki hata mahali pamoja. Unaondoka pwani kwenye hewa nzito yenye unyevu na chumvi, unafika juu ambako watu wanavaa makoti mazito mchana na mgeni akikimbia hatua chache anahema. Kwa mwenye gari la turbo, sijui barabara nyingine Afrika Mashariki inayoipima injini kama hii. Kwa hiyo nilipoamua kubadilisha turbo ya Subaru Legacy yangu, nilitaka kwanza nione gari linafanya nini katika vimo mbalimbali, ndipo niingie dukani nikijua ninachotafuta.

Fundi wangu, ambaye gereji yake iko Nakuru, alishuka pwani kwa treni nikamchukua stesheni ya Miritini. Yeye huniita mkubwa, mimi humwita fundi, na hivyo ndivyo tulivyozoeana. Alikuwa na mkoba wa spana, kompyuta ya mapajani na waya wa kuiunganisha na kompyuta ya gari kupitia tundu lililo chini ya usukani. Kabla hata hatujatoka nje ya geti la stesheni alikuwa amefungua boneti, akalegeza bomba la mpira linaloingiza hewa kwenye turbo, akaingiza vidole viwili na kuitikisa shafti juu chini, kisha mbele nyuma.

"Inacheza, mkubwa. Itatufikisha, lakini usiikamue."

Gari ni BP5, umbo linalojulikana kila mtaa wa Nairobi: injini ya EJ20, cc 1,994, silinda nne zilizolala mbili kila upande, na turbo ya IHI aina ya VF38. Turbo hiyo ilikuwa imefanya kazi yake yote na zaidi. Oili ilikuwa ikipenya hadi kwenye intakula, yaani kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, na asubuhi moshi wa buluu ulitangulia kabla gari halijatulia.

Kila niliyemwomba ushauri alinitajia turbo moja: 20G, ya ukoo wa TD05 wa Mitsubishi. Ni turbo nzuri ikiwa halisi. Inapatikana, mafundi wanaijua, na ina jina vijiweni. Lakini nilipouliza gari litaendeshwa wapi, kwa mafuta gani na katika kimo gani, mazungumzo yalirudi kwenye idadi ya farasi. Mimi naishi nyanda za juu. Nikipita lori, nalipita kwenye mteremko wa Salgaa au mpando wa Mau Summit, si kwenye uwanja wa mashindano.

Tulipovuka foleni ya trela kwenye mzani wa Mariakani, tukaanza kupima. Utaratibu ulikuwa rahisi: palipo wazi na salama, gia ya tatu, mizunguko 2,000, kukanyaga mafuta hadi chini, kisha kuachia kabla ya kuvuka mwendo ulioruhusiwa. Fundi alitazama skrini, mimi nikatazama barabara. Karibu na Voi joto lilikuwa limepanda na hewa inayoingia kwenye injini ilikuwa ya moto. Hapo ndipo kompyuta ya gari ilipoanza kurudisha nyuma majira ya cheche, yaani ilikuwa imesikia dalili za kile ambacho mafundi hukiita noki.

Noki ni petroli kujilipukia ndani ya silinda kabla mwali wa cheche haujaifikia. Injini hizi za Japani zilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya kwao, inayouzwa kama oktani 100, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Pistoni ambazo EJ20 ya Legacy hii ilitoka nazo kiwandani ni za kumimina, na kuta nyembamba zinazoshikilia ringi ndizo huvunjika kwanza. Nimeona pistoni ya namna hiyo mezani kwa fundi: kipande cha ukubwa wa ukucha kimetoka kati ya ringi mbili, na silinda imekwaruzwa kutoka juu hadi chini. Mwenye gari alikuwa ameongeza busti tu, yaani presha ya turbo, hajagusa kitu kingine. Ilitokea pwani, mwezi wa joto.

Sasa upande wa milima. Geji ya busti kwenye dashibodi hupima ziada tu, presha iliyo juu ya ile ya hewa ya nje. Ikisoma baa 1 Mombasa, kompresa ya turbo imechukua hewa ya baa 1 na kuitoa ikiwa baa 2. Imeizidisha mara 2. Nairobi hewa ya nje ni kama baa 0.83. Geji ikisoma baa 1 ile ile, hewa imetoka 0.83 hadi 1.83, yaani mara 2.2. Timboroa, ambako hewa ya nje ni karibu baa 0.73, busti hiyo hiyo inadai takriban mara 2.4. Dereva anaona sindano imesimama pale pale. Ili kuifikisha pale, shafti imelazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na shafti za turbo za ukubwa huu hupita mizunguko 100,000 kwa dakika hata siku ya kawaida. Kwa hiyo pwani huua pistoni, milima huua turbo, na gari linaloendeshwa kote kuwili lazima lichaguliwe kwa kuogopa yote mawili.

Wahandisi wa Subaru walilijua hili. Ndani ya kompyuta ya gari kuna jedwali linalopunguza busti kadiri hewa ya nje inavyopungua, ili turbo isizungushwe kupita uwezo wake. Tulipopita Salama na kuzipanda zile kona za kuelekea Machakos Junction, fundi alinionyesha kwenye skrini busti inayolengwa ikishuka yenyewe, bila mimi kubadilisha namna ninavyokanyaga. Watu wengi wanaonunua gari Mombasa na kulipeleka Limuru huona sindano haifiki ilikofika pwani, wakadhani turbo imekufa. Wengine huambiwa dawa ni kufuta jedwali hilo. Linafutwa kweli, gari linachangamka kwa miezi kadhaa, halafu beringi zinakwisha.

Inafaa kukumbuka kwamba turbo yenyewe ilijipatia heshima mlimani. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, lakini mwaka 1918 ndipo Sanford Moss, mhandisi wa General Electric, alipoipandisha injini ya ndege ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, kiasi cha mita 4,300. Chini tambarare injini ile ilitoa nguvu za farasi 350. Kileleni, bila turbo, ilitoa 230. Walipoifungia turbo ikatoa 356. Nilimsimulia fundi hadithi hiyo tukiwa tumesimama kunywa chai Emali, na swali lake likawa: "Na turbo yenyewe ilikuwa ya ukubwa gani?" Ndilo swali lenyewe.

Turbo kubwa kama 20G ina kompresa inayoweza kusukuma hewa nyingi bila kuhangaika, na hilo ni jema kwa upande wa milima. Tatizo ni tabini yake, gurudumu la upande wa ekzosi. Tabini kubwa inataka moshi mwingi ndipo izunguke, na kwenye hewa nyepesi injini inayozunguka polepole haina moshi wa kutosha. Inayoamka mapema pwani itaamka kwa kuchelewa Nairobi, na Timboroa itachelewa zaidi. Unaingia upande wa pili wa barabara kulipita trela, unakanyaga, unangoja. Turbo ndogo nayo huamka mara moja, halafu kwenye mizunguko ya juu inapaliwa, inatoa joto zaidi kuliko hewa. Nilichokuwa natafuta ni kompresa kubwa kidogo kuliko ya zamani, yenye tabini nyepesi au inayolishwa kwa njia bora. Vitu hivyo vipo, ila havina jina kubwa vijiweni.

Nairobi tuliingia Kirinyaga Road asubuhi, kabla mikokoteni haijaziba njia. Duka baada ya duka, turbo zimepangwa chini kwa safu: nyingine zimesuguliwa hadi zikang'aa, nyingine bado na kutu ya bandarini. Zinatoka Japani moja kwa moja au zinapitia Sharjah na Dubai.

"Karibu mzee wangu. Hii ni ya Japani, haijaguswa," kijana mmoja akatuambia.

Fundi alichuchumaa. Kwanza alitazama kibati chenye nambari, kama herufi zimekaa sawa na kama misumari yake midogo imewahi kung'olewa. Kisha akapitisha ncha ya kidole kwenye makali ya mapezi ya kompresa, pezi moja moja. Pezi lililomeza changarawe huwa na pengo dogo ambalo jicho huliruka lakini kidole hakiliruki. Akaitikisa shafti. Kuchezea upande kidogo kunakubalika kwa beringi za kawaida, kwa sababu oili ndiyo hujaza nafasi hiyo injini ikiwaka. Kuchezea mbele na nyuma hakukubaliki. Mwisho akamulika ndani ya nyumba ya chuma ya upande wa ekzosi kutafuta nyufa kwenye ukuta unaotenganisha njia mbili za moshi. Turbo tatu za kwanza alizirudisha chini bila kusema neno. Ya nne ilikuwa ya kuiga, mpya kabisa, imeandikwa 20G. Mapezi yake yalikuwa na unene usiolingana, na bei yake ilikuwa chini mno.

Kuhusu hizo njia mbili, nisimame kidogo, kwa sababu ndipo uamuzi wangu ulipolala. Injini hii huwaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Silinda ya 1 na ya 3 ziko upande mmoja, ya 2 na ya 4 upande wa pili. Katika Subaru za turbo za kawaida moshi wa kila upande unakusanywa peke yake, na mabomba hayalingani urefu. Ndiyo asili ya ule mlio wa kudunda tunaoujua wote. Legacy ya Japani ya BP5 ilipangwa vingine: moshi wa silinda ya 1 unaunganishwa na wa 2, wa 3 na wa 4, mabomba yanalingana, na kila jozi inaingia kwenye turbo kwa njia yake. Pumzi ya silinda moja haiigongi ya jirani, tabini inapigwa kwa zamu zilizo sawa, na turbo inaamka mapema bila kuwa ndogo. Lakini mlio ule haupo.

Vijana wengi wa Nairobi huupenda mlio kiasi cha kung'oa mfumo huo wote, pamoja na bakuli la oili lililochongwa kuyapisha mabomba, na kufunga ule wa njia moja. Nauelewa mlio. Nimekua nikiusikia. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, nchi hii ilijifunza kuutambua hata mtu akiwa jikoni. Lakini inaniuma kuona gari likivuliwa kitu chake bora zaidi kwa maisha ya milimani, halafu mwenyewe anarudi kulalamika kwamba halivuti. Magari yale ya rali yenyewe yalilazimishwa na kanuni kuvuta hewa kupitia tundu la milimita 34, kwa hiyo nguvu za juu zilikuwa na kikomo. Wahandisi wakaweka akili zao zote kwenye msukumo wa mizunguko ya kati, gari litoke kwenye kona likiwa tayari linavuta.

Kwa hiyo nilikuwa na chaguo tatu zisizo za kawaida, zote za njia mbili. Ya kwanza, kuifufua VF38 yangu kwa beringi mpya na kuipa gurudumu kubwa zaidi la kompresa. Ni kazi nzuri mikononi mwa mtu mwenye mashine ya kusawazisha mizani ya shafti, na ni hatari mikononi mwa asiyekuwa nayo.

Ya pili ilinitamanisha sana: BorgWarner EFR, ama 6258 ama 6758. Nambari zinajieleza, gurudumu la kompresa la milimita 62 au 67, la tabini 58. Tabini yake ni ya mchanganyiko wa titani na alumini, uzito wake karibu nusu ya chuma cha kawaida cha tabini, kwa hiyo inashika kasi haraka. Beringi zake ni za mipira ya kauri. Na ina mahali palipotengwa pa kufungia kihisi cha kasi ya shafti, kitu ambacho kwa mtu wa nyanda za juu kina thamani kuliko geji yoyote ya busti, maana kinakuonyesha hasa kile kinachoua turbo. Lakini haiingii mahali pa VF38. Manifoldi ichomelewe upya, mabomba ya oili na maji yatengenezwe, intakula ihame. Nikijumlisha na ushuru, gharama ilikaribia nusu ya bei ya gari lenyewe.

Ya tatu ilikuwa VF36 au ndugu yake VF37, za Impreza STI za soko la Japani. Ni za njia mbili, zinakaa kwenye manifoldi ile ile, kompresa yake ni kubwa kuliko ya VF38, na huku kwetu wachache huziulizia. VF36 ina beringi za mipira na huamka mapema kidogo. Ikiharibika, kuitengeneza ni shida. VF37 ina beringi za kawaida, ambazo fundi mwenye uzoefu anaweza kuzibadilisha kwa vipuri vinavyopatikana. Tuliipata VF37 kwenye duka la ndani kabisa, nyuma ya rundo la gia boksi. Muuzaji alikuwa na wasiwasi kwamba haitaingia kwenye gari lolote. Fundi akaitikisa, akamulika ndani, akanitazama. Nikalipa.

Naivasha tulipita bila kusimama, Nakuru tukafungua kazi. Turbo yenyewe si kazi ndefu. Inayokula muda ni ile ambayo haionekani. Bomba linaloleta oili kwenye turbo lina bolti yenye tundu, na katika injini nyingi za turbo za Subaru za miaka hiyo ndani yake kuna kichujio kidogo cha wavu. Chetu kilikuwa kimezibwa na utando mweusi, mwanga haupiti. Hapo nikajua VF38 ilikufa kwa kiu. Ningeifunga hata turbo bora kuliko zote duniani juu ya bolti ile, ingekufa vivyo hivyo. Fundi alibadilisha bolti, bomba, gasketi zote na oili, akachungulia mabomba ya moshi yanayoelekea kwenye turbo kuhakikisha hakuna kipande kilicholegea cha kuja kugonga tabini. Kabla ya kuwasha alikata umeme wa pampu ya petroli na kuizungusha injini kwa stata mpaka taa ya oili ikazima, ili shafti isizunguke kavu hata kidogo.

Kesho yake tukapanda Salgaa, Mau Summit, hadi Timboroa. Kompyuta ilikuwa imewekewa tyuni ya tahadhari, busti kidogo juu ya ile ya kiwandani. Kwenye gia ya tatu turbo mpya iliamka karibu pale pale ilipokuwa ikiamka ile ya zamani ilipokuwa nzima, na hapo ambapo ile ilianza kuishiwa pumzi hii iliendelea kushika. Fundi alikuwa akitazama kitu kingine: westigeti, mlango unaopitisha moshi wa ziada pembeni ya tabini. Ukiwa umefungwa kabisa na busti bado haijafika, turbo imemaliza uwezo wake. Pale juu ulikuwa bado na nafasi.

"Jedwali la kimo tuliache, mkubwa?"

"Tuliache."

Tulilipunguza tu makali yake kidogo, kwa kuwa kompresa ni kubwa zaidi, na tukalibakiza. Upande wa chini, kwa ajili ya pwani, majira ya cheche yalirudishwa nyuma zaidi kila joto la hewa inayoingia linapopanda.

Eldoret, kwenye kituo cha petroli, kijana mwenye Forester ya turbo aliona kompyuta kwenye paja la fundi akaja kutusalimia. Anaishi Iten, mita 2,400, na alikuwa ameshaweka akiba ya 20G. Forester yake ni ya njia moja, kwa hiyo VF37 haimfai. Fundi alimuuliza anashuka Nairobi mara ngapi, hubeba nani, na petroli hununua wapi. Kisha akamwambia kama ni lazima abadilishe, atafute 16G halisi ya ukoo ule ule, yenye kompresa ndogo, na aanze na bolti ya oili. Kijana akauliza bolti hiyo iko upande gani. Tukafungua boneti yake tukamwonyesha.